Franco: Gitaa lililoanza kwa kuuza maandazi ya mama

Kabla jina lake halijajulikana kutoka Dakar hadi Dar es Salaam, Franco Luambo Makiadi alikuwa mtoto wa mama muuza maandazi katika soko la Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo lakini yenye maana. Alipiga muziki karibu na meza ya mama yake ili wapita njia wasimame. Wakishasimama, harufu ya mafuta ya moto na andazi lililotoka karaini vilimaliza kazi iliyobaki.

Katika miaka 51 aliyoishi, Franco hakuacha kabisa kazi hiyo ya utotoni. Aliuza maandazi kwa muziki, kisha bia, kisha santuri, kisha magari, na hatimaye hata wanasiasa. Swali lililomfuata tangu sokoni hadi kaburini ni lile linalomfuata kila mchuuzi anayepita Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma akiwa na gunia kichwani: wimbo ukivuta mteja na chupa ikanunuliwa, faida inabaki mfukoni mwa nani?

Mtoto wa reli na soko

François Luambo alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 Sona Bata, mji mdogo kando ya reli inayotoka bandari ya Matadi kwenda Léopoldville. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake, Hélène Mbongo Makiese, alikuwa mwanamke wa soko. Familia ilihamia Léopoldville, na huko mama akaanza kuuza maandazi ambayo Wakongo huyaita mikate.

Mwaka 1949 baba alifariki. Kuanzia hapo karai la mama ndilo lililolisha nyumba. Wachuuzi wa sekta ya Cyanzarwe, wanaoteremka kutoka vilimani na viazi, karoti na kabichi kuelekea mpakani, wanaifahamu hali hiyo bila kuelezwa. Kinachouzwa leo ndicho kinacholiwa jioni, na kitakachosalia ndicho mtaji wa kesho. Mtoto katika nyumba kama hiyo hukua haraka, na shule huwa ya kwanza kukatishwa.

Franco alikuwa tayari amejitengenezea gitaa la kubahatisha. Mwanamuziki kijana Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, alimfundisha kupiga gitaa la kweli. Pale sokoni kijana alijifunza jambo ambalo hakuna mwalimu wa muziki angemweleza: mteja hana subira. Usipomshika katika sekunde chache za kwanza, ameshapita na kwenda meza ya jirani. Baadaye, wapenzi wa muziki wa dansi wangesifu namna gitaa la Franco lilivyorudia mapigo machache, makali na matamu, hadi mtu akashindwa kukaa kitini. Mapigo hayo yalianza kufanyiwa mazoezi mbele ya watu wenye haraka na sarafu chache.

Studio ya Wagiriki

Katika miaka hiyo biashara ya santuri Léopoldville ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara kutoka nje, wengi wao Wagiriki. Kampuni ya Ngoma ilianza mwaka 1948. Mwaka 1950 Basile Papadimitriou alianzisha studio ya Loningisa. Kwa watu hawa muziki ulikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine za dukani. Waliwapa wanamuziki vyombo, wakawarekodi, wakauza santuri, na vyombo vikabaki kuwa mali ya studio.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 15, Franco aliingia Loningisa. Henri Bowane, mpiga gitaa aliyekuwa na sauti kubwa pale studio, ndiye aliyelifupisha jina la François likawa Franco. Mwaka huohuo kijana alirekodi wimbo wake mwenyewe kuhusu mapenzi yake kwa msichana aitwaye Béatrice, na jina likaanza kutembea mitaani.

Kwa mtoto wa yatima huo ulikuwa ukombozi. Alipata gitaa la kweli, mshahara, na mahali pa kwenda kila asubuhi. Lakini pia alikuwa ameingia katika mpango ambao wachuuzi wengi wanaujua. Mwenye mtaji ndiye mwenye mizani, na mwenye kipaji hupokea kile mizani inachosema.

Baa ya Oscar Kashama

Muziki wa Léopoldville haukuishi studio. Uliishi baa. Mji wa wakoloni ulikuwa umegawanywa, mitaa ya Wazungu upande mmoja na mitaa ya Waafrika upande mwingine, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura kule kwa Wazungu. Kwa hiyo starehe yote ya mfanyakazi, karani, fundi na mchuuzi ilikusanyika katika baa za mitaa ya Waafrika.

Moja ya baa hizo iliitwa OK Bar, na mwenyewe alikuwa Oscar Kashama. Vijana wa Loningisa walikuwa wakipiga hapo, na mnamo Juni 1956 walijipa jina la OK Jazz. Pamoja na Franco walikuwapo Jean Serge Essous mpuliza klarineti, mwimbaji Rossignol, De La Lune na Dessoin. Wimbo uliokuja kuwa kama bendera yao ulitangaza kwamba mtu huingia mahali hapo akiwa mzima na kutoka akiwa hoi. Ulikuwa wimbo wa kujisifu wa bendi, na papo hapo ulikuwa tangazo la baa.

Ndivyo mambo yalivyokwenda. Mwenye baa hakulipa bendi kwa kupenda sanaa. Alilipa kwa sababu bendi nzuri ilijaza viti, kiti kilichokaliwa kilihitaji chupa, na chupa ya kwanza iliita ya pili. Usiku ambao muziki ulipoa, kreti zilibaki zimejaa, na asubuhi wanamuziki waliambiwa hivyo bila kufichwa. Walioimba na waliopika nyama nje ya mlango walitegemea kiu ileile.

Bia yenyewe ilikuwa na historia yake. Kiwanda cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923 na kutoa bia yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1926. Hiyo ndiyo Primus. Katika miaka ya 1950 kiwanda kingine kilileta bia ya Polar, na ushindani ukawa mkali kiasi kwamba mmoja wa waliopewa kazi ya kuinadi Polar mitaani alikuwa Patrice Lumumba, ambaye mwaka 1960 angekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi. Kunadi bia kulimfikisha Lumumba katika baa za mji, mbele ya watu walewale waliokuja kumsikiliza Franco. Bia, wimbo na siasa vilikuwa vikikaa meza moja.

Akina mama wa meza za mbele

Wateja waliothaminiwa zaidi katika baa hizo hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake wa Léopoldville, wengi wao wachuuzi na washonaji, walikuwa na vyama vya kuchangiana. Walikusanya fedha kwa zamu, wakashona sare za kitenge cha aina moja, na wakaingia baa kwa kundi. Chama kama La Mode kilikuwa na jina mjini. Bendi iliyopendwa na chama kama hicho ilikuwa na uhakika wa ukumbi kujaa, na hivyo wanamuziki waliwatungia akina mama hao nyimbo za sifa.

Msomaji wa Goma atasema hiyo ni likilimba, na wa Rubavu atasema ni ikimina. Ni kweli. Ni mpango uleule wa watu wasiokopeshwa na benki kuwa benki ya wao kwa wao. Tofauti ni kwamba kule Léopoldville sehemu ya fedha za zamu ilinunua pia heshima ya kuimbwa. Desturi hiyo haikufa. Leo mwenye fedha hulipa jina lake litajwe katikati ya wimbo, na wanamuziki wa Kinshasa wanaiita kutupa libanga, yaani kutupa jiwe.

Franco aliyaangalia maisha hayo kwa jicho la mtoto wa soko. Mitaani waliimba kwa ufundi zaidi yake, na wapo waliovaa vizuri zaidi yake. Lakini nyimbo zake zilizungumza kama watu wanavyozungumza sokoni, juu ya mume anayepoteza mshahara, mke mwenza, jirani msengenyaji, deni na aibu. Aliimba kwa Kilingala kilichosikika barabarani, na wasikilizaji walijiona humo.

Bendi ya ng'ambo mbili

Jambo moja husahaulika mara kwa mara. OK Jazz haikuwa bendi ya nchi moja. Essous alitoka Brazzaville, ng'ambo ya pili ya mto Kongo, na baadaye waimbaji Edo Nganga na Célestin Kouka walitoka hukohuko. Wanamuziki walivuka kwa kivuko kama wachuuzi, wakifuata mahali penye kazi.

Kisha siasa ikaingia katikati. Uhuru ulipokaribia, na kila upande kuanza kuhesabu nani ni wake na nani ni mgeni, wale wa Brazzaville walirudi kwao, na mwaka 1959 wakaanzisha bendi ya Bantous de la Capitale. Kinshasa ilipoteza sauti nzuri, Brazzaville ikapata bendi iliyodumu. Mashabiki waliendelea kucheza nyimbo za pande zote mbili. Mpaka uliwatenganisha watu, lakini santuri ilipita.

Franco alijaza nafasi kila zilipotokea. Simaro Lutumba, mtunzi wa maneno mazito, alijiunga mwaka 1961 na kubaki hadi mwisho. Verckys alikuja na saksafoni mwaka 1963. Sam Mangwana, mwenye asili ya Angola, alijiunga mwaka 1972. Katika miaka ya 1980 akaja Madilu System. Bendi ikakua hadi kuwa na wanamuziki wa kutosha kugawanywa mara mbili, kundi moja likipiga nyumbani na jingine likiwa safarini.

Kuuza kwa wimbo

Mwaka 1973 Franco alitoa wimbo unaoitwa Azda. Jina hilo ni la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen nchini Zaire, na wimbo wote ni tangazo la magari hayo. Ajabu ni kwamba ulipendwa hata na watu ambao hawangenunua gari maisha yao yote. Ulipigwa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki, na wengi waliucheza bila kujua kwamba walikuwa wakicheza tangazo la biashara.

Hapo ndipo shule ya meza ya maandazi ilipoonekana wazi. Franco hakukipaza kitu anachokiuza mbele ya muziki. Aliutanguliza muziki, akaufanya uwe mtamu wenyewe, na bidhaa ikaja nyuma yake. Wauzaji wa redioni hadi leo wanajaribu kufanya hivyo, na wachache huweza.

Kutoka mlipwaji hadi mwenye mali

Franco hakutaka kubaki kijana wa mizani ya watu wengine. Alianzisha chapa zake za santuri. Novemba 1973 Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire, Franco alipewa kiwanda cha kufyatua santuri cha Mazadis. Mwaka 1974 alifungua ukumbi wake, Un-Deux-Trois, mtaa wa Matonge. Sasa alikuwa mwenye bendi, mwenye kiwanda na mwenye baa. Mtoto aliyevuta wateja wa mama yake sasa alikusanya fedha ya mlangoni na ya kaunta.

Lakini utajiri huo ulikuwa na upande wa pili. Ugawaji wa biashara za wageni uliharibu maduka mengi ya Zaire, kwa sababu waliopewa hawakuwa na mtaji wala ujuzi wa kuyaendesha, na rafu zikabaki tupu. Franco alifaidika na mpango ambao uliwaumiza wanunuzi na wachuuzi wadogo, watu wa aina ya mama yake. Na aliyepewa mali na mtawala hudaiwa shukrani. Aliimba sifa za chama cha Mobutu, na mwaka 1984 alitoa wimbo mrefu wa kumfanyia kampeni katika uchaguzi ambao mgombea alikuwa mmoja.

Hata hivyo hakuwa kipaza sauti cha serikali tu. Mwaka 1966, baada ya wanasiasa wanne kunyongwa hadharani Kinshasa, alitoa wimbo wa Luvumbu Ndoki, juu ya mchawi anayemaliza watu wake, na wakubwa wakauelewa vibaya, au pengine vizuri mno. Santuri zilizuiliwa, naye akahojiwa na kukimbilia Brazzaville kwa muda. Mwaka 1978 alifungwa jela kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi. Alijua kusifu na alijua kuuma, na kati ya mambo hayo mawili ndipo alipoishi.

Nyimbo za mwisho

Mwaka 1970 alimpoteza mdogo wake, Bavon Marie-Marie, naye mwanamuziki, katika ajali ya gari. Msiba huo ulimnyamazisha kwa kipindi. Alipokaribia miaka 50 nyimbo zake zilirefuka na kuwa kama hadithi za jioni. Mario, wa mwaka 1985, unamsema kijana mwenye elimu anayeishi kwa fedha za mwanamke tajiri mwenye umri mkubwa kuliko wake. Akina mama wafanyabiashara katika nchi zote za Maziwa Makuu waliuelewa wimbo huo haraka, kwa kuwa wengi wamewahi kumlisha Mario wao.

Mwaka 1987 alitoa Attention na SIDA, akiuonya umma juu ya ugonjwa ambao viongozi wengi walikuwa bado wanauzungumza kwa kunong'ona. Aliwataja watu wa kila kazi, akawaambia kila mmoja sehemu yake. Wakati huo afya yake mwenyewe ilikuwa inashuka. Mtu mnene aliyejaza jukwaa alikuwa amekonda. Septemba 1989 alipanda jukwaani Amsterdam akiwa dhaifu. Tarehe 12 Oktoba 1989 alifariki katika hospitali ya Namur, Ubelgiji. Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa, redio ikapiga nyimbo zake mfululizo, na umati ukajaa barabarani kumzika Kinshasa.

Aliacha nyimbo zinazohesabiwa kuwa zaidi ya 1,000 kwa jina lake na la bendi yake. Aliacha pia hesabu isiyofungwa. Wanamuziki na familia yake walibishana juu ya mgawanyo wa mapato, na mwishoni mwa mwaka 1993 bendi iliyodumu miaka 37 ilivunjika. Simaro na wenzake wakaanzisha Bana OK. Mtu aliyejua kuuza kila kitu hakuacha mpango ambao warithi na wafanyakazi wangeukubali pamoja. Kwa wachuuzi wanaofanya kazi kwa ubia wa mdomo, shemeji akishika fedha na dada akishika mzigo, hilo ndilo funzo la gharama kubwa kuliko yote katika maisha yake.

Hadi ufuko wa Kivu

Bia iliyonywewa chini ya gitaa la Franco ilifika pia Ziwa Kivu. Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957, na kiwanda chake cha Gisenyi kilichoko ufukoni kimewanywesha Primus Wanyarwanda kwa vizazi kadhaa. Mji huohuo ndio uliotiwa saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, tarehe 20 Septemba 1976, kati ya Rwanda, Burundi na Zaire ya siku hizo.

Ndoa ya wimbo na chupa nayo iliendelea. Kinshasa, viwanda vya bia viligawana nyota, Werrason akiwa upande wa Primus na JB Mpiana upande wa Skol. Rwanda, kuanzia mwaka 2011, Bralirwa ilidhamini shindano la Primus Guma Guma Super Star, na vijana wakaimba kutoka mji hadi mji mbele ya mabango ya bia. Wengi walipata jina na fedha hapo. Shindano lilipokoma, waliokuwa na rekodi zao, mikataba yao na wateja wao wenyewe waliendelea, na wasiokuwa navyo walirudi kutafuta mdhamini mwingine.

Hélène Makiese hakuwa na mdhamini wala mkataba. Alikuwa na karai, unga, mafuta, na mtoto mwenye gitaa. Lakini maandazi yalikuwa yake na fedha ya maandazi ilikuwa yake. Mwanawe alizunguka dunia na kupata mali nyingi kuliko soko zima la mama yake, na mara chache sana katika safari hiyo hesabu yake ilikuwa nyeupe kama ile ya meza ya maandazi.